Maksai wa Mama Yangu

Kaka yangu alitangaza kwamba anauza maksai wa mama huku anakula ugali wa mama. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Alimega tonge, akachovya kwenye mlenda, akasema bila haya kwamba Jumamosi anawapeleka mnadani Tinde, na majaruba ya mpunga atamkodishia tajiri mmoja mwenye trekta.

"Mama kazeeka," alisema. "Mimi nina mashamba yangu. Na wewe dada, wanao ni watoto wa geti. Nani atashika plau hapa?"

Wanangu walikuwa pale pale mkekani wanamsikiliza mjomba wao. Binti alikuwa kidato cha pili, mdogo wake darasa la sita. Wote nimewazaa na kuwalea Geita mjini, ambako nina duka la kuwauzia wachimbaji mabuti, tochi na kamba. Baba yao yuko machimboni Nyarugusu, huwa anarudi akipata. Sitawadanganya: mpaka Desemba ile wanangu walikuwa wanaujua mpunga ukishakuwa wali. Lakini mtu akinisemea wanangu mbele yangu, mimi huwa sisubiri aulizwe mwingine.

"Watashika hao hao," nikasema.

Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Nilitamani mlenda umshike vizuri zaidi.

Mama alikuwa anatazama sahani yake. Kisha akauliza taratibu, "Maksai wakiondoka, mimi nitakuwa naamkia nini?"

Tangu baba afariki, wale maksai wawili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, ndio waliokuwa wakimtoa mama kitandani. Aliwalea tangu ndama, akawafundisha kazi mwenyewe.

Kaka naye si mtu wa kushindwa maneno. Akaweka masharti yake: Ijumaa watoto walime jaruba lililo karibu na njia, wao wenyewe, kuanzia kufunga nira mpaka mwisho, kabla jua halijafika utosini. Siku hiyo mimi na mama tusiguse kitu wala kutia neno. Wakishindwa, Jumamosi mnadani. Mama akakubali kabla sijafungua mdomo.

Basi tukaanza kazi. Jamani, siku za mwanzo! Mtoto wangu wa kiume alisimama mbele ya maksai na kamba yake, akawaambia kwa adabu zote, "Haya, twendeni jamani, twendeni." Maksai wakaendelea kucheua. Mama alicheka mpaka akaketi chini.

"Hawa hawajasoma, ng'wanone," alimwambia mjukuu wake. "Sema nao Kisukuma."

Akawafundisha maneno ya kuwaondoa, ya kuwageuza na ya kuwasimamisha. Wanangu wakayatamka kama watangazaji wa redio, lakini maksai wakaenda. Binti akashika plau. Bibi yake akamwonyesha namna ya kuikandamiza ardhi ikiwa ngumu na kuinyanyua kidogo mahali penye mizizi, asije akavunja ncha. Jioni ya pili viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu. Akaniuliza kama Tinde wanauza glavu.

"Glavu za nini? Unafanya upasuaji?" nikamjibu.

Alikwenda nyuma ya jiko akalia. Nilimsikia, na iliniuma, ila sikumfuata. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika shambani, amejifunga viganja kwa vitambaa vya kanga yangu mpya. Hata kumgombeza nilishindwa.

Kitu kimoja tu hatukukiona. Kila asubuhi, watoto wakiwa bado wanakunywa uji, mama alikuwa ameshawafunga maksai nira. Ni mazoea yake ya miaka, hakufikiria kuwaachia. Jioni aliwaonyesha namna ya kuifungua na kuifunga tena, wakaiweza, tukaridhika.

Ijumaa ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, jaruba limelainika, maji yamesimama ndani ya kingo zake. Kaka alikuja na kigoda, tena na majirani wawili, kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Wanangu wakamwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshaketi.

Binti akawatoa maksai zizini, akainua nira, akafunga. Nilipoangalia, nikaona kosa. Mwekundu alikuwa kushoto, mweusi kulia.

Maksai waliofundishwa pamoja kila mmoja ana upande wake. Ukiwabadilisha hawakuelewi, na wao wenyewe hawaelewani. Kila mtu aliyekulia huku anajua, anajua kiasi kwamba hakumbuki kama kuna siku alifundishwa. Mama hakuwaambia. Mimi sikuwaambia. Mama akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kaka naye aliona, kwa sababu alinigeukia akatabasamu.

Loo, vurugu iliyofuata! Mweusi alivuta huku, mwekundu akasukuma kule. Plau ikaruka juu, mnyororo ukajisokota. Mwanangu mdogo akaburutwa na kamba, akaanguka kifudifudi kwenye tope. Mwekundu akapanda ukingo akaubomoa, maji yakaanza kukimbilia njiani. Binti akajaribu tena, ikawa vile vile. Majirani walikuwa wanacheka huku wameshika mbavu.

"Kesho mnada unaanza mapema," kaka akasema kwa sauti ya juu.

"Funga mdomo wako wewe!" nikafoka.

"Umetia neno! Jamani mmesikia? Ametia neno!"

"Nimekwambia wewe, sijawaambia wao!"

Majirani wakakubali kwamba hilo halihesabiki. Nikauma pindo la kanga nisije nikasema jingine. Mikono ilikuwa inaniwasha.

Binti yangu alikuwa amesimama katikati ya tope anawatazama maksai. Hakulia. Halafu akaenda akaifungua nira, akawaacha huru wote wawili.

Kaka akasimama, akajipangusa suruali. "Yameisha hayo."

"Dada, unafanya nini?" mdogo wake akauliza, tope mpaka kwenye kope.

"Waache wakanywe," binti akajibu. "Wewe ziba huo ukingo."

Chini ya majaruba yetu kuna lambo dogo ambako ng'ombe hunywa. Maksai wakateremka taratibu, bila kuongozwa na mtu, wamekaribiana bega kwa bega. Mweusi alikuwa kushoto. Mwekundu alikuwa kulia. Wakanywa hivyo hivyo, na waliporudi walikuja hivyo hivyo. Binti alikuwa anawafuata kwa nyuma, na nilimwona alivyosimama ghafla, akapiga kiganja kwenye paji la uso. Baadaye aliniambia alikuwa ameshawaona wakitoka zizini asubuhi ile kwa mtindo ule, akadhani ni bahati tu.

Akawarudisha jarubani, akawafunga nira, mweusi kushoto, mwekundu kulia. Mdogo wake alikuwa ameshaziba ukingo kwa mikono yake. Akashika kamba, akatamka lile neno la kuwaondoa, safari hii kwa sauti ya hasira, sauti ya kwetu kabisa.

Maksai wakainamisha vichwa, wakavuta.

Udongo ukapinduka. Nasema udongo ulipinduka, mweusi, unang'aa, na yangeyange wakashuka kuokota wadudu nyuma ya wanangu kama walivyokuwa wakishuka nyuma ya baba yangu. Nilianza kulia na kucheka kwa pamoja. Mama alikuwa anatembea juu ya ukingo sambamba nao, kwenda na kurudi, hasemi neno. Majirani waliokuja kucheka wakaanza kumshangilia mtoto wa kike. Kaka akarudi kwenye kigoda chake.

Walimaliza jua likiwa bado halijafika utosini. Mama akapiga vigelegele ambavyo sijavisikia tangu siku ya harusi yangu. Mimi niliruka na viatu vyangu vya mjini mpaka kwenye tope, nikawakumbatia wote wawili, tukaanguka.

"Mistari imepinda," kaka akasema.

"Wewe unakula mistari au unakula wali?" mama akamuuliza.

"Januari wanarudi Geita. Halafu?"

"Maksai wanalima Desemba. Desemba shule zimefungwa." Akamgeukia binti yangu mbele ya wote. "Kuanzia leo maksai hawa ni wako. Mimi nakulishia tu."

Jumamosi mnada ulifanyika, sisi tukiwa nyumbani tunakula kuku.

Wiki iliyofuata mvua zikazidi. Yule tajiri alileta trekta lake kwanza kwa kaka, likaingia kwenye jaruba lake la kwanza na halikutoka. Lilizama mpaka tumboni. Miche ya mpunga ya kaka ilikuwa imeshakuwa tayari, inaanza kugeuka njano kitaluni. Asubuhi moja tukamwona anakuja, safari hii hana kigoda.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia mama. "Nimekuja kuomba maksai."

Mama hakuinua hata kichwa kwenye choroko alizokuwa anachagua. "Mwenye maksai yuko zizini."

Kaka akaniangalia. Mimi nikaangalia juu, nikawa naikagua mbingu. Akavuka uwanja mzima peke yake mpaka zizini, ambako binti yangu alikuwa anazoa samadi, miguu peku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Akakohoa. "Naomba unisaidie maksai wako."

Binti akaegemea koleo lake. "Unawataka wa kulima, mjomba, au wa kupeleka mnadani?"

Nilisubiri amfokee. Ningekuwa mimi, angenifokea.

"Wa kulima," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi ngoja ninawe. Nira nawafunga mwenyewe."

Akanawa, akawafunga, akatangulia na maksai wake njiani, mdogo wake mbele na kamba. Kaka yangu akainama, akainua plau, akaiweka begani, akawafuata.