Nilienda kutoa maji chini ya nyumba Buyangu, nikapokelewa kama mkwe

Wakuu, salamu. Humu mimi huwa msomaji tu. Naandika polepole, mnivumilie, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kuchimba mitaro na kurekebisha misingi. Mwalimu mmoja wa hapa Kakamega, anaitwa Nekesa, alinituma kwa mama yake Buyangu. Nyumba yao ni ya mbao, ya zamani, imeinuliwa juu ya nguzo. Mvua ikinyesha, maji ya mteremko yanaingia chini na nguzo zinazama.

Nekesa alisahau kumwambia mama yake.

Nilipofika nikasema, "Mama, nimetumwa na Nekesa. Nimekuja kuona mahari."

Nilitaka kusema mahali. Mnajua sisi huku L na R zinabadilishana zenyewe mdomoni.

Mama akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Umekuja peke yako?"

"Ndio. Vitu vitaletwa kesho. Leo naangalia tu."

Akaenda mbio kuita wazee. Mimi nikadhani amefurahia mtaro. Nikatambaa chini ya sakafu na jeki yangu.

Nguzo ya kati ilikuwa imeoza na boriti imepinda. Nikaweka jeki juu ya jiwe, nikainua kidogo. Hapo nikasikia miguu mingi ikiingia juu yangu, na viti vikivutwa.

"Kijana ako wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Ameingia chini ya nyumba," mama akajibu.

"Anafanya nini huko?"

"Sijui. Labda kwao ndio heshima."

"Na ameleta nini?"

"Jembe."

Nikasikia chai ikimiminwa.

Jiwe likaanza kuzama kwenye matope. Nikaweka bega chini ya boriti. Mimi nina aibu sana, lakini ningenyamaza, nyumba ingenilalia. Nikaita, "Wazee, tafadhali punguzeni. Siwezi kubeba."

"Mnamsikia huyo? Hata hatujataja ng'ombe, analia."

"Hatupunguzi," mwingine akasema. "Msichana wetu amesoma."

"Wazee, hata nusu yenu wakitoka nitashukuru."

"Sasa anatuchagulia wazee."

Kona moja ikashuka. Kiti cha yule mzee wa kwanza kikateleza polepole mpaka ukutani, naye bado ameshika kikombe cha chai. Wote wakatoka nje. Mzee akainama, tukaangaliana, mimi nina matope mpaka masikioni.

"Mkwe," akasema, "kwani nyumba inaanguka?"

"Ndio, mzee."

Wakavua makoti. Tukasimamisha boriti kwa magogo, kisha tukachimba mtaro upande wa juu. Ingokho, yaani kuku wa kumpokea mkwe, ilikuwa imeshachinjwa, ikabidi iliwe. Chini kulipokauka nilirudi na mawe na zege, na sasa nguzo zimetulia.

Nilichojifunza: ondoa maji kwanza, ndipo uinue nguzo. Na kabla hujaingia chini ya nyumba ya watu, sema kazi yako ni gani.

Shida yangu ni hii. Juzi Nekesa alinipigia, akauliza nitarudi lini kwao kuona mahari. R ilisikika wazi kabisa, na yeye anafundisha Kiswahili.

Bado sijamjibu. Wakuu, nyinyi mngesema nini?