Jiwe la Kumi na Nne

Jirani yangu tulimwita Chokaa, maana kazi yake serikalini ilikuwa hiyo moja: kila kiangazi kupaka chokaa mawe ya mpaka, ishirini na mawili. Jiwe la mpaka lina nyuso mbili, kwa hiyo upande wa pili nao walikuwa na mpakaji wao, na huyo ndiye aliyemwoa dada yake Chokaa. Walikutana jiwe kwa jiwe. Brashi ya mmoja ikinyonyoka, walipokezana iliyobaki.

Shemeji alikuwa na maneno. Alisema nchi yetu ni maskini hata chokaa yetu ni maji matupu. Chokaa alimuuliza, kama ni hivyo, mbona alikuja kuposa huku.

Mwaka mmoja wa mvua kubwa jiwe la kumi na nne liling'oka. Walichimba palepale wakakuta mwamba. Wakachimba kando, mwamba. Wazee wawili wenye migongo mibovu wakalibingirisha hadi kwenye udongo laini, hatua arobaini ndani ya upande wa shemeji, ng'ambo kidogo ya kisima chao. Wakalisimika, wakanywa maji, wakaenda zao. Hawakumwambia mkubwa yeyote. Nani angepima?

Walipima, baada ya miaka tisa. Wapimaji wa kule walikuta jiwe limehama na kisima chao kimekuwa chetu. Wakubwa wa kule wakasema wameibiwa nchi, wa kwetu wakasema jiwe halina miguu. Askari wakajaa huku na huku, na sokoni, ambako mimi nashona viatu, nikawa sishoni kingine ila buti.

Shemeji akakamatwa kwa kuuza ardhi ya taifa lake. Dada mtu akatuma salamu kupitia mama mmoja muuza chumvi aliyekuwa bado akipenya mpakani: kaka aseme kwa wakubwa wake jiwe lilianguka tu, waandike barua, mume wangu atoke.

Chokaa alivaa koti lake la harusini, akaniomba nimsindikize kwa mkuu wa mpaka.

"Jiwe tulilihamisha sisi, mkuu," alisema. "Mimi na shemeji yangu. Chini kulikuwa na mwamba."

Mkuu akaweka kalamu chini. Alimtazama kwa upole, na upole ule ndio ulionitia baridi. Akauliza nani mwingine anajua habari hiyo. Chokaa akasema ni wao wawili tu. Mimi nilikuwa nimesikia kisa hicho mara ishirini, nikatazama sakafu.

"Mzee wangu, jiwe lile lilisimikwa na babu zetu. Wewe hukuhamisha kitu. Kapumzike. Kiinua mgongo chako si kimekaribia?"

Njiani alicheka kidogo. Alisema mgongo wenyewe ulikufa siku ile ya jiwe, sasa watainua nini.

Barua haikuandikwa. Masika yaliyofuata muuza chumvi alileta kifurushi kutoka kwa dada, bila salamu. Ndani mlikuwa na brashi ya shemeji, imeoshwa, imekauka.

Kiangazi hiki Chokaa alikwenda na brashi zote mbili. Kwenye la kumi na nne alipaka uso wetu, kisha akataka kuzunguka. Askari akamzuia kwa mkono tu. Akasimama pale mpaka chokaa ikagandia ndooni.