Kikapu cha Bibi Agripina

Mwanangu, tangu uniambie kwamba utafundisha masoko ya mtandaoni chuoni, na kwamba utafiti wako wa kwanza utawauliza watu kama wananunua vitu bila kuharibu mazingira, nimekuwa nikiikumbuka siku moja ya Nansio ambayo mpaka leo inanitia aibu.

Zilikuwa zama za ruksa, bidhaa za nje zikimiminika Mwanza. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa masoko, tai shingoni, najiona nimefika. Mfanyabiashara mmoja wa Mkuyuni, aliyenunua vikapu kwa wasusi wa Ukerewe, alitaka kujua kama akina mama sasa wanapenda zaidi mifuko ya nailoni. Akanipa mifuko nikaigawe. Nikavuka na meli hadi Nansio, huko Ukerewe, nikapita nyumba kwa nyumba. Kila mama nilimpa mfuko kwanza, ndipo nikamuuliza: kikapu au mfuko? Wote wakasema mfuko. Nilifurahi, mwenzio, kuona majibu yangu yamekubaliana hivyo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Agripina, msusi wa vikapu. Nilimwamkia, nikampa mfuko, nikauliza swali langu. Aliingia ndani, akatoka na kikapu, akaniwekea mikononi.

"Hicho chako, baba. Haya niambie, kizuri?"

Kilikuwa kimepinda, na kitako chake kimeachia. "Kizuri sana, bibi," nikasema.

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Kimepinda, na umeona. Amekisuka mjukuu wangu, ndiyo kwanza anajifunza. Lakini ungesemaje, na mimi nimekupa? Wenzangu nao wamekujibu hivyo hivyo. Sasa huyo tajiri aliyekutuma akiacha kununua vikapu, sisi tutakula nini?"

Meli ilipiga honi, nikaiacha iende. Kesho yake nilirudi nyumba zile zile mikono mitupu. Sikuuliza tena wanapenda nini. Niliomba wanionyeshe walichokwenda nacho sokoni. Karibu kila nyumba nilionyeshwa kikapu, bado kinanuka samaki. Mfuko wangu mmoja niliukuta umetiwa madaftari ya mtoto yasilowe. Nilipompelekea majibu hayo, tajiri alininunia, hakunituma tena, ila vikapu aliendelea kununua.

Nawe unasema kampuni ya sabuni isiyochafua mazingira itawapa bando la intaneti watakaojibu maswali yako kwenye simu. Kuwashukuru watu sikukatazi, mwanangu. Ila usitangulize zawadi ya mwenye sabuni, halafu ukauliza kama sabuni yake inapendwa. Watu wetu si waongo, wanakustahi tu. Na ukishasoma majibu yao, nenda ukatazame wanafulia nini.

Kikapu chenyewe kipo hapa Nyegezi, natunzia vitunguu, na vile vidogo bado vinadondoka. Ukija kichukue, ukiweke mezani ofisini kwako. Mungu akubariki katika kazi yako, na kila utakapokosea akupe mtu wa kukucheka mapema, kabla meli haijaondoka.