Dagaa Wasiohama

Benon Karangwa alikulia Mwanza, mtoto wa Wanyarwanda waliokimbilia huko, na hadi leo, akiwa amevuka hamsini na ana ofisi Kacyiru, jijini Kigali, bado huota maji. Kazi yake ni kuchora kisichoonekana: miamba na mafungu ya mchanga chini ya ghuba ya Mwanza, ambamo vivuko na meli za mizigo hupishana mchana kutwa. Mashua ya wapimaji hupita juu ikituma sauti chini. Sauti hugonga sakafu ya ziwa na kurudi, na kwa muda wa kurudi kwake hujulikana kina. Vipimo hutumwa Kigali, naye Benon huvisafisha kwenye kompyuta, kwa maana sauti hugonga pia vitu visivyohusika, hasa makundi ya dagaa. Kundi la dagaa huonekana kama kichuguu juu ya mchanga. Benon hukifuta na kuendelea.

Miaka miwili iliyopita, mashua iliyobeba saruji ilipasuka tumbo na kuzama katika ghuba hiyo. Fundi wa injini, Bigirimana, hakutoka. Mshika usukani, Nduwayo, ambaye ni binamu yake, aliponea juu ya dumu. Ramani ya Benon ilionyesha kwamba njia ya meli ilikuwa na mchanga tu, mita nane chini. Wachunguzi wakaamua kwamba Nduwayo aliiacha njia, wakamnyang'anya leseni. Siku hizi anapiga msasa vitanda katika Agakiriro ya Gisozi, soko la mafundi seremala huko huko Kigali.

Wiki iliyopita Benon alipewa kompyuta mpya. Ile ya zamani haikuweza kubeba vipimo vya zaidi ya siku moja, kwa hiyo alikuwa amesafisha vipimo vya kila siku kivyake. Sasa, kwa kujaribu nguvu za mashine, aliweka vipimo vyote ghafi katika picha moja. Katikati ya njia, vichuguu vya siku tatu tofauti vilikaa kimoja juu ya kingine, mahali pale pale.

Dagaa huhama. Huo ulikuwa mwamba, naye alikuwa ameufuta mara tatu.

Aliandika taarifa, akaituma kwa mkuu wake na kwa watu wa bandari. Kisha akapanda pikipiki hadi Gisozi.

"Mzee wa ramani!" Nduwayo alimjua tangu siku za uchunguzi. "Chunga suruali, hapa iko vumbi. Umekuja kununua kitanda, ao kunifunga?"

"Nimekuja kukuambia hukuiacha njia. Kulikuwa na mwamba. Niliufuta mimi, nikidhani ni dagaa."

Nduwayo alicheka kidogo, kama mtu anayengoja kuambiwa ni utani. "Reka, acha utani, mzee. Dagaa?"

Benon hakucheka. Nduwayo akaushika msasa, akasugua mguu wa kitanda uliokwisha kuwa laini.

"Unajua mimi nilikubali?" alisema. "Mwanzo nilikataa. Nilisema nilikuwa katikati, nilikuwa naona maboya. Wakanionyesha ramani yako. Kati yangu na ramani, nani mkweli? Nikaanza kukumbuka kwamba nilisinzia. Nilikumbuka hata ndoto niliyoota. Niliiungama kwa padri, mzee."

"Ulikuwa macho."

"Usiniambie mimi. Mwambie Béatha."

Béatha ni mjane wa Bigirimana; anaishi Kabeza, karibu na uwanja wa ndege. Nduwayo alimpigia, akaiweka simu juu ya ubao ili wote wasikie.

"Shemeji, nilikuomba usinipigie."

"Si mimi. Iko mzee wa ofisi anataka kusema."

Benon akasema. Ndege ilipita juu ya nyumba ya Béatha, wakangoja ngurumo iishe.

"Kila Jumapili kanisani, tukifika kwenye kupeana mikono ya amani, namgeuzia huyu mgongo," Béatha alisema polepole. "Mbele ya watoto. Wewe mzee, hukujua kwamba mwamba na dagaa vinafanana?"

"Nilijua. Nilipaswa kuweka siku zote pamoja."

"Mbona hukuweka?"

Benon alitafuta jibu kubwa linalolingana na kifo, hakulipata. "Mashine ilikuwa ndogo, mama. Ningeweza kuomba nyingine. Lakini ilikuwa Ijumaa, nilitaka kumaliza."

"Ijumaa," alisema Béatha, na simu ikakatika.

Mafundi wa jirani walikuwa wameacha misumeno yao wakisikiliza. Benon alinyoosha mkono kuaga. Nduwayo aliutazama, asiupokee. Hakuwa na hasira usoni, ila uchovu.

"Ile ndoto, mzee," alisema. "Naiona mpaka sasa. Mimi kwenye usukani, kidevu kifuani, nimelala. Sasa nifanye nini nayo?"