Vidonge Nilivyopewa Nipate Mtoto Ndivyo Vilivyonirudisha kwa Baba

Admin, nifiche vizuri, maana Bariadi hapa tunajuana hadi rangi za mapazia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, fundi cherehani, nyumba yangu iko Somanda. Huu ni mwaka wa tisa wa ndoa na sijawahi kushika mimba, hata ya kuharibika. Mume wangu ana duka la pembejeo, anauza dawa za pamba na mabomba ya kupulizia. Si mlevi wala hanipigi, na miaka yote hiyo nilijihesabu nimepata mume. Mizizi nimekunywa mimi, ya kila mganga aliyetajwa na mama mkwe. Yeye hakuna aliyewahi kumpa hata kikombe kimoja.

Mwaka huu tukaenda Dar, kwenye hospitali moja wanakopandikiza mimba. Ujinga wangu nilidhani unawekewa mtoto unarudi nyumbani. Daktari akatupima wote wawili. Mimi sikuonekana na kasoro, ila umri unanikimbia na mayai yanapungua, akasema nisingoje mwakani. Mbegu za mume wangu ni chache mno, na nyingi hazina nguvu. Lakini hizo chache zinatosha, maana wao huchukua moja na kuiingiza ndani ya yai. Akanieleza nitachomwa sindano za tumboni karibu wiki mbili ili mayai mengi yakomae, nitapigwa utrasaundi mara kwa mara, nitapewa usingizi mfupi wayatoe, kisha baada ya siku chache wanirudishie tumboni kile kiumbe kilichoanza. Halafu nisubiri wiki mbili nyingine kupima, na inaweza kugoma.

Kabla ya sindano akaniandikia vidonge vya majira. Niliruka kwenye kiti. "Daktari, natafuta mtoto, unanipa vya kuzuia?" Akasema vinatuliza mayai kwanza, ili sindano zikianza yote yaende pamoja. Mume wangu alikaa pembeni yangu na alisikia kila neno.

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Mke wangu, habari ya mbegu iishie hapa. Mama akijua nitaiweka wapi sura yangu?" Nikamwapia. Kuitwa mgumba nilishazoea, nikaona acha niendelee kubeba mimi.

Wiki ile ile tuliyorudi, mama mkwe akaja kutoka Dutwa kutibiwa miguu. Siku hiyo mimi niko sokoni, akatafuta sindano ashone kitenge chake, akafungua kopo langu la vifungo nilimoficha vile vidonge. Nilirudi nikamkuta na wifi yangu, paketi iko mezani.

"Mayu, hivi ni nini?" mama mkwe akaniuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita.

Wifi akamjibia. "Ni vya majira, mama. Navijua, hata mimi nameza."

Wifi ana watoto watano, kwake vidonge ni uzazi wa mpango. Kwangu vikawa uuaji. Mama mkwe alilia akihesabu miaka tisa, eti wajukuu wote nimewameza. Nikamwambia mwanao anajua, msubirini aje awaeleze.

Hakueleza. Jumapili ukoo ukakaa Dutwa, mimi nimewekwa katikati kama mwizi wa ng'ombe. Baba yake mdogo akamuuliza, "Ulijua mkeo anameza hivi?" Nikamtazama. Yeye akatazama viatu vyake, akasema, "Sikujua, baba."

Ndugu zangu, ningeweza kufungua mdomo pale pale, na majibu ya vipimo ninayo mpaka leo. Nilinyamaza kwa sababu nikimwaibisha hatakanyaga tena hospitali, na bila yeye hizo mbegu nazitoa wapi? Wakanirudisha Nkololo kwa baba yangu na begi moja.

Sasa niko huku. Vidonge wamebaki navyo kama ushahidi, nikanunua vingine, nameza nimejifungia chooni mama yangu asione. Ndiyo, naendelea kumeza, kwa sababu tarehe ya kuanza sindano imekaribia. Mume wangu ananipigia kila siku. "Vumilia. Ukoo wanataka uje Jumamosi upige magoti umwombe mama msamaha, na baba yako alete mbuzi. Alhamisi tunapanda basi la Dar. Ukishika mimba nani atakumbuka vidonge?"

Nikamuuliza, "Na wewe utasema lini?" Akakata simu.

Baba yangu ni mzee wa watu, hajawahi kudaiwa faini na mtu. Jana alinikuta nakamua maziwa, akasema, "Ng'wanone," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "mbuzi nimeshamfunga. Ulichofanya kibaya, lakini wewe ni mwanangu." Mume kunikana nimekasirika, lakini baba kunisamehe kosa nisilolifanya kumenimaliza kabisa.

Nikisema ukweli, najisafisha na ninabaki bila mtoto. Nikipiga magoti, huenda nikabeba mimba. Lakini mimi si mjinga, nawajua wale watu. Huyo mtoto akishapata akili, bibi yake atamkalisha amwambie kwamba mama yako alimeza vidonge miaka tisa ili wewe usizaliwe. Na baba yake atakuwa amekaa hapo hapo, anatazama viatu.

Wa kuniambia "mume ni mume" apite tu, hiyo nimeshaambiwa na mama yangu mzazi. Wengine naombeni ushauri kabla ya Jumamosi: hayo magoti niyapige, au nimfungulie baba yangu yule mbuzi?