Zamu ya Kulisha Samaki

Wiki iliyopita nilipeleka simu yangu kwa fundi, nyuma ya soko la Makambako, ibadilishwe kioo. Fundi mwenyewe ni kijana mchangamfu, mdomo haumsimami, na ukikaa kwenye benchi lake utajua nani kaoa na nani kaachwa mji mzima. Alipomaliza ya kwangu alichukua simu nyingine kuukuu ya mteja, akaiwasha kuijaribu. Ikatoa mlio wa mapovu ya maji, kisha kinanda kikaanza kupiga taratibu, noti tatu za kupanda na mbili za kushuka. Nikaishika meza yake kwa mikono miwili.

"Vipi dada, kizunguzungu?"

Nikamwambia ni njaa. Haikuwa njaa, rafiki yangu. Ulikuwa mchezo wa samaki, na sikuwa nimeusikia tangu nikiwa na miaka tisa.

Mimi na dada yangu tulilelewa na bibi, mzaa baba, huko Uwemba, si mbali na misheni. Dada alinizidi miaka mitatu, na hakuniacha niusahau hata mmoja. Wazazi walikuwa Makambako wakiuza viazi sokoni, wakija kututazama mara moja kwa mwezi. Siku hizo simu za kugusa ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kwetu. Baba alinunua ya kwake, akaipasua kioo kabla haijamzoea, akatuletea sisi bila laini. Tuliichaji kwa sola ya jirani, mama mmoja mjane aliyependa kujua kila kitu. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu.

Nikikueleza mchezo wenyewe utacheka. Kulikuwa na tangi la maji na samaki saba. Unawanyunyizia chakula kwa kidole, wanakula, wanakua, unapangusa ukoga kwenye kioo, basi. Hakuna adui, hakuna saa inayokukimbiza, hakuna mshindi. Ukiwasahau siku mbili hawafi, wanashuka tu kulala kwenye mchanga, na ukimgusa mmoja anaamka na kupiga mkia. Nimecheza mingine baadaye, hata ule wa kulima shamba, ambao watu wa mjini wanausifu kwamba unatuliza akili. Mimi niliyepalilia viazi vya kweli kwenye umande wa Uwemba, vidole vimekufa ganzi, nikalime tena kwenye simu? Lakini wa samaki ulikuwa mtamu, na nadhani najua kwa nini. Siku ya mtoto kwetu ilikuwa amri tupu: chota maji, funga mbuzi, pukuchua mahindi, umemaliza? Mle kwenye tangi hakuna aliyekutuma. Ulichokosea kilikusubiri ukirekebishe.

Zamu tulizipima kwa kiazi. Tulikifukia kwenye majivu ya moto, kikiiva zamu imekwisha, unampa mwenzako simu na mnakula kiazi nusu kwa nusu. Dada ndiye aliyechagua viazi. Zamu yake ilipofika alifukia kinono kama ngumi ya mtu mzima, yangu akaniwekea kidogo cha mbegu. Nililia sana kwa ajili ya viazi hivyo.

Sasa habari ya moto. Bibi alipika miaka yote kwenye mafiga, katika jiko la nje lililojaa moshi, macho mekundu na kikohozi kisichokoma. Mama akamhurumia, akamletea jiko la mkaa kutoka Makambako. "Hili halina moshi, mama," alimwambia, na bibi akalizunguka akilitazama kama anakagua ndama. Alilipenda kuliko kitu chochote alichowahi kupewa. Mwezi wa saba, baridi ilipokaza na majani yakawa meupe asubuhi, alilijaza mkaa wa miti ya miwati, akaliingiza chumbani, akaziba chini ya mlango kwa gunia. Kila aliyekuwa na jiko kijijini alifanya hivyo hivyo. "Kibaya ni moshi," alikuwa akisema. "Huu ni moto msafi."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Ukungu ulikuwa haujaondoka tangu alfajiri. Bibi alijitanda mgolole wake, akashika rozari kwenda jumuiya, akatuachia jiko limewaka vizuri na maneno yake ya siku zote.

"Msitoke nje, mtapata kichomi. Na huo mlango mfunge, joto lisipotee."

Tukatii. Ilikuwa zamu ya dada, na kiazi chake kilikuwa kikubwa ajabu. Nilikaa nikikitazama kile kiazi kwa chuki, kichwa kikaanza kunigonga, tumbo likanichafuka. Nikamwambia dada naumwa. Akasema nadeka kwa sababu sijapata simu. Nikatoka kwa hasira, nikarudishia mlango ili nisilaumiwe, nikatapika nyuma ya nyumba. Kisha nikaenda kujikunyata jikoni na kuku, kwenye mafiga yaliyopoa, mpaka kichwa kikapungua.

Niliporudi, dada alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, simu kifuani, kile kinanda kikipiga. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri. Nilijua anajifanya. Nikamgusa bega mara moja. Nikamwita kidogo, kwa sauti ambayo, nitakuambia ukweli, sikutaka aisikie. Kisha nikaichomoa simu mkononi mwake. Mkono ulikuwa na joto. Nikachukua na kiazi, nikarudishia mlango, nikakimbilia kule jikoni.

Nikacheza. Sijawahi kupata zamu ndefu namna ile. Niliwalisha samaki wote saba hadi wakashiba, nikapangusa kioo hadi kikang'aa, nikala kiazi kizima peke yangu. Nilikuwa na furaha, ndugu yangu, na furaha ile sijaweza kuirudisha kwa mwenyewe mpaka leo.

Bibi aliporudi alitusalimu "Kamwene!" mlangoni kama kawaida yake. Hakuitikiwa. Nilimsikia akiita jina la dada mara moja, mara mbili, kisha akaanza kuita majina ya watakatifu.

Tulimzika kesho yake alasiri, mama akiwa ameshikwa na wanawake wawili. Watu walisema kazi ya Mungu haina makosa. Mungu hakuwasha jiko, lakini hilo hakuna aliyelijua. Waliniona mimi na simu mkononi, na jirani yetu akalimaliza swali: ni hiyo mionzi, inavuta usingizi wa mtoto hadi unakwisha. Kwa nini kingine binti mzima alale mchana asiamke? Bibi hakubisha. Aliichukua simu ikiwa bado imewaka, akaenda kuitumbukiza chooni. Usiku huo baridi ilikuwa kali na waombolezaji wengi, akaliwasha tena jiko, ila kwa kuwa watu walikuwa wakiingia na kutoka, mlango haukufungwa.

Kwa miaka mitano niliamini mchezo wa samaki ulimuua dada yangu. Sikugusa simu ya mtu. Wenzangu wakicheza mimi naondoka, wakaniita mlokole. Na bibi naye akaamini hivyo hivyo, na imani hiyo ilimwezesha kulala.

Kisha nikafika kidato cha pili. Mwalimu wa kemia, mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akitufundisha habari za kuungua. Akasema mkaa ukiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na watu wa baridi kama sisi hudhani kisicho na moshi hakina madhara. Akaandika dalili ubaoni: kichwa kuuma, kutapika, usingizi. Na mashavu, akasema, huweza kuwa mekundu. Nikanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kutoka, na sikurudi darasani siku ile.

Likizo ya mwezi wa sita nilimkuta bibi chumbani, amezeeka, jiko liko miguuni mwake na gunia liko chini ya mlango. Nikasimama pale na begi langu. Nikinyamaza, siku moja nitamkuta kama dada. Nikisema, atajua ni nani aliyewasha moto ule. Sijui wewe ungechagua nini.

"Bibi, nifungue dirisha kidogo?"

"Baridi hii? Unataka nife?"

"Mwalimu ametufundisha. Mkaa ukiwaka ndani, lazima hewa ipite."

Aliendelea kumenya kiazi. "Mkaa hauna moshi, mjukuu wangu."

"Ndiyo, bibi. Hauna moshi."

Kisu kikasimama. Akanitazama, kisha akatazama mahali pale ulipokuwa ukitandikwa mkeka.

"Mkaa uko hivyo tangu lini?"

"Tangu zamani, bibi."

Hakulia. Alilishika jiko kwa pindo la kitenge, likiwaka vile vile, akalitoa nje na kuumwaga mkaa kwenye matope. Halikuingia tena ndani. Mama alileta mablanketi, alileta masweta, alimsihi arudi hata jikoni kwenye mafiga. "Nimeshaota moto wa kutosha," akajibu. Alikaa miezi ya baridi miwili hivyo, mikono imekauka na midomo imepasuka, na katika wa tatu kichomi kikamchukua. Ningenyamaza angekufa kwa jiko. Nilisema, akafa kwa baridi. Na hata hivyo sikumwambia yote. Sikumwambia kwamba nilimgusa dada, kwamba mkono ulikuwa bado na joto, na kwamba niliondoka na simu.

Ukienda leo hutaikuta nyumba. Baba aliiuza sehemu ile, imepandwa maparachichi mpaka barabarani, na choo kilifukiwa siku nyingi. Watoto wa kule wana michezo mia kwenye simu, na mwezi wa saba majiko bado yanaingizwa vyumbani. Nikipita nyumbani kwa watu huwa natazama chini ya milango. Wananiona mwendawazimu kidogo, na sina shida na hilo.

Fundi aliniona ninavyoitazama ile simu kuukuu. "Dada, unaupenda huu mchezo? Nikuwekee?"

Nikamwambia weka.

Sasa ninao. Nikitoka kazini naketi kitandani, nawalisha, napangusa kioo. Nikiwaacha siku mbili nawakuta wamelala kwenye mchanga, wote saba. Namgusa mmoja, anaamka. Namgusa mwingine, anaamka. Kisha nazima simu, nakwenda kuhakikisha dirisha liko wazi.