Wanawake Tisa na Namba Kumi na Sita

Nikifungua chupa ya siki jikoni, kabla sijaimimina kwenye kachumbari, huwa nasimama kidogo nikainusa. Watoto wangu hunicheka. Hawajui kwamba harufu hiyo ndiyo iliyojaa stoo ya Mwalimu Mbithe kule Nunguni, ambako madirisha yalizibwa kwa magunia na picha zilisafishwa katika mabeseni matatu. Dawa ya beseni la katikati ilinuka siki hadi machozi yakatutoka. Mimi niliipenda kuliko maandazi.

Mwalimu Mbithe alitufundisha hesabu siku za wiki, na Jumamosi akatufundisha kupiga picha, wanafunzi sita kwa kamera moja. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Alitueleza kwamba ndani ya lenzi kuna tundu linalopanuka na kubana kama mboni ya paka, na pete yenye namba ndiyo inayoliamuru. Namba ndogo, tundu kubwa. Namba kubwa, tundu dogo. Jambo hilo lilitutesa wiki mbili nzima, maana kwetu sisi mbili haikuwahi kuishinda kumi na sita. Kisha akatuonyesha maajabu yake. Ukiweka pete kwenye mbili, uso wa mtu unatoka safi na kila kilicho nyuma yake kinayeyuka. Ukiweka kumi na sita, unaona kila kitu, kuanzia jani la karibu hadi mlima wa mbali. Lakini kabla ya kugusa pete, alisema, jiulize picha hii inaenda kufanya kazi gani. Sehemu hiyo sikuisikiliza, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeshaipenda mbili.

Mwaka huo mwethya wa mama yangu, kikundi cha wanawake tisa waliolimiana mashamba kwa zamu, ulikuwa umemaliza kuchimba matuta kwenye mteremko mzima juu ya mto. Ilikuwa ile kazi ya fanya juu: unachimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, miezi na miezi, kwa majembe yaliyolika yakabaki kama vijiko. Ofisi ya kilimo kule mjini Wote iliahidi sepetu na wilibaro kwa kikundi kitakachoonyesha kazi iliyokamilika. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na ofisa hangeweza kupanda kuja kuona, kwa hiyo picha ingeenda pamoja na barua. Mwalimu akasema mimi ndiye nitakayeipiga.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya mawingu. Wanawake walikuja na leso zinazofanana, wamejipaka mafuta. Mwenyekiti wao, Susu Kalekye, ambaye sote tulimwita susu kwa kuwa alikuwa nyanya ya kijiji kizima, alikuwa ameazima viatu vya mke wa mwanawe. Vilimbana akatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Siku hizo kwetu, picha isiyoonyesha viatu haikuwa picha. Watu wangeuliza kama ulikatwa miguu.

Niliwapanga mabega yakigusana, nami nikawasogelea hadi nyuso zikajaa kwenye kioo. Nikaweka pete kwenye mbili, nikaweka kasi ya kamera kufumbua na kufumba jicho kwenye elfu moja ili mwanga usizidi, nikapiga mara tatu. Nikajiona fundi.

Stoo ilinirudisha chini. Picha ilipojitokeza kwenye beseni, nyuso tisa zilikuwa safi hata ungehesabu mikunjo ya macho ya Susu. Nyuma yao, kazi ya miezi yote ilikuwa uji mtupu. Na hakuna aliyekuwa na miguu. Mwalimu aliitazama, akasema ni picha nzuri sana ya nyuso.

"Sasa ofisa ataona wanawake," akaongeza. "Ataona matuta wapi?"

Nilipompelekea Susu, aliitafuta miguu yake, akageuza karatasi kuangalia kama iko upande wa pili. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Nilimwambia mama sitashika kamera tena. Jumamosi mbili nilijificha mtoni nikifua nguo safi. Mama alinikumbusha kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nikajisemea moyoni kuwa asiyeshika kamera hana la kurudia.

Jumamosi ya tatu waliingia uani kwetu wote tisa, na leso zao. Susu alikuwa miguu mitupu; viatu vilikuwa vimerudi kwa mwenyewe.

"Tumekuja kupigwa picha ya matuta," alisema. "Beba hiyo kitu yako twende."

Nilipanda kilima cha ng'ambo, nikaweka kamera juu ya jiwe lililotandikwa sweta yangu. Pete kumi na sita, kasi ya polepole, pumzi nimezibana. Wao walivuka bonde wakasimama kwenye matuta, mmoja mmoja, wadogo kama maharagwe. Katika picha hiyo kila tuta lilionekana, lakini hungemjua Susu wala mama yangu.

Sepetu na wilibaro zilikuja na lori. Tangu hapo nimejisifu, msinicheke, kwamba picha yangu ndiyo iliyozileta. Kila mwanafunzi aliyepita studioni kwangu amesimuliwa.

Mwaka jana nilikuwa nikiisimulia tena, mimi na mama tukimenya mbaazi, naye akacheka hadi akaweka ungo chini. Ndipo akaniambia. Siku moja tu baada ya picha yangu kuharibika, Mwalimu Mbithe alipanda kile kilima peke yake na kuipiga mwenyewe. Barua iliondoka nayo. Susu alipoingia uani kwetu, ofisi ilikuwa imeshakubali.

Nikamuuliza kwa nini basi waliacha mashamba yao, msimu wa kupanda, wakaja tena.

"Ulikuwa umeacha kula," mama alisema. "Susu akasema, kama ni kusimama tu shambani ndio mtoto arudi kwa kamera, hiyo si kazi."

Sita kati yao tumeshawazika, na sikuwahi kuwaambia asante. Niliinamia mbaazi zangu nikiwaona wametulia kwenye matuta yao, bila hata mmoja kuguna, wakijua hakuna ofisi iliyokuwa inaingoja picha ile.